Maswali ya Wasomaji: Filamu Imeisha, Picha za Kuitangaza Ziko Wapi?

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa filamu, na karibu zote zinalilia jambo moja. Filamu imekamilika, tamasha linataka picha tatu hadi tano, gazeti linataka moja, na kwenye kompyuta hakuna hata moja inayofaa. Anayepanga ratiba ya tamasha huiona picha yenu kabla hajabonyeza video, na mhariri wa gazeti mara nyingi haoni video kabisa. Ndiyo maana tumewajibu kwa kirefu.

Ndugu Wahariri, tumemaliza filamu fupi ya dakika 12. Siku za kurekodi hatukuwa na mpiga picha mnato (picha zisizosogea). Mwenzetu anayehariri anasema tuchukue fremu kutoka kwenye video, inatosha. Tulizozichukua zina ukungu, na stesheneri wametuambia hazifai kwa bango la A3. Tumekosea wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma*

Mwenzenu hajakosea. Fremu ya video inaweza kuwa picha nzuri ya kutangaza filamu. Kinachowaponza ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mwendo. Video ni mfululizo wa picha moja moja, yaani fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa kawaida shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, huwekwa 1/50 ya sekunde, na katika muda huo mkono unaopunga au kichwa kinachogeuka huwa kimeshasogea. Kwenye video jicho halioni, tena ule mkia mdogo ndio unaoufanya mwendo uwe laini. Fremu moja ikisimamishwa, mkia unabaki kama ukungu, na hakuna programu itakayousafisha ukatoka uso wa kuaminika. Kwa hiyo msitafute fremu pale kitendo kilipochachamaa. Tafuteni kilipotulia: mtu amekwisha kugeuka na macho yamefika, amevuta pumzi lakini hajajibu, mkono umeshika kitasa lakini haujakizungusha. Tembeeni fremu moja moja kwa mishale ya kibodi. Katika sekunde nzima mtapata mbili au tatu zilizo kali, na pengine moja tu kati ya hizo ndiyo yenye macho wazi.

La pili ni ukubwa. Fremu ya HD ina pikseli (vidoa vinavyounda picha) 1920 kwa 1080. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha majarida ya rangi, inatoa picha ya sentimita 16 kwa 9. Kwa kijitabu cha ratiba ya tamasha hiyo inatosha kabisa. Bango la A3 kwa kiwango hichohicho linataka pikseli 3508 kwa 4961, na tena bango husimama wima ilhali fremu imelala. Hata fremu ya 4K, yenye 3840 kwa 2160, mkiikata wima ijaze A3 mnabaki na pikseli 2160 za kugawana sentimita 42, yaani nukta 130 hivi kwa inchi. Stesheneri wamewaambia kweli. Kamera ya megapikseli 24 ikishikwa wima inatoa zaidi ya nukta 340 kwa bango hilohilo, na hata simu ya megapikseli 12 inatoa karibu 240.

Lakini kabla ya kukata tamaa, kagueni mpangilio wa mradi wenu. Wanafunzi wengi hurekodi kwa 4K, kisha huhariri kwenye taimulaini (mstari wa kupangia vipande vya video) ya 1080 ili kompyuta isikwame. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve picha mnato hutoka kwa ukubwa wa taimulaini, si wa kamera. Badilisheni taimulaini iwe 3840 kwa 2160, nendeni kwenye ukurasa wa rangi, bofyeni kulia juu ya picha na mchague Grab Still, kisha mtoe picha hiyo kutoka kwenye ghala kwa muundo wa TIFF au PNG. Chukueni fremu baada ya rangi kusahihishwa. Ile ya logi, yaani ya kamera kabla ya kusahihishwa rangi, iliyopauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, ikishatoka ndiyo itakayozunguka mtandaoni, na hamtaweza kuirudisha. Kateni pia pau nyeusi za juu na chini.

Kama bango ni lazima, waiteni tena waigizaji wawili kwa nusu siku: mavazi yaleyale, mahali palepale, saa ileile ya jua. Nendeni na fremu za filamu kwenye simu mlinganishe mkiwa hapohapo. Kilemba kimefungiwa upande gani? Saa iko mkono upi? Kinachosumbua zaidi ni nywele. Msuko ukiwa umeshafumuliwa, pigeni akiwa amejitanda mtandio kama mhusika hujitanda, au mpigeni kwa nyuma. Msimvike mtu mwingine nguo zake mkidhani hataonekana. Mtazamaji wa kwanza tu atamgundua.

Wahariri, habari za kazi. Sisi tunaanza kurekodi mwezi ujao na hatutaki kurudia makosa ya waliotutangulia. Tuna mwenzetu mmoja mwenye kamera na lenzi ya milimita 50. Asimame wapi, apige lini?
*Kikundi cha wanafunzi watano, Bagamoyo*

Tuanze na ratiba, maana inawaangusha watu wengi kuliko kamera. Kwenye ratiba ya siku, pembeni ya sini (matukio ya filamu) mnazozitaka, andikeni: picha, dakika 2. Si kila sini. Kwa filamu fupi, nne au tano zinatosha. Muongozaji akisharidhika na teki ya mwisho, yaani mara ya mwisho ya kurekodi sini hiyo, asitamke "tumemaliza". Aseme "bakini hapohapo, picha". Neno "tumemaliza" likishatoka, fundi taa ameshachomoa waya, mwigizaji ameshavua koti na kuuliza chakula, na hakuna wa kuwarudisha. Msaidizi wa muongozaji ndiye azilinde dakika hizo mbili. Mpiga picha hana sauti ya kuwazuia watu kumi waliochoka.

Katika dakika hizo kamera kuu inasogezwa kando na mpiga picha anaingia palepale ilipokuwa. Mwigizaji harudii sini yote. Anarudia sekunde tano muhimu, polepole, kisha anatulia kwenye kilele chake. Picha sita au saba za mlalo, halafu sita au saba za wima. Wima husahaulika karibu kila mara, na bango ni wima, na skrini ya simu ni wima.

Muda mwingine mzuri ni mazoezi ya mwisho, taa zikiwa zimeshawashwa na sauti bado hairekodiwi. Hapo hata kamera inayolia kla-kla haimsumbui mtu. Teki ikianza, kamera yenye kioo ndani inyamaze, kwa sababu maiki iliyo mita mbili kutoka kwa mwigizaji itainasa. Kamera isiyo na kioo huwa na shata ya kimya, ila ina mtego wake. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za kuchomeka ukutani hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kimya husoma picha mstari kwa mstari. Ukipiga 1/250 chini ya taa hizo picha inatoka na mikanda ya giza imekatiza uso. Kaeni kwenye 1/50 au 1/100, mpige mtu akiwa ametulia.

Mahali pa kusimama ni karibu kabisa na lenzi ya kamera kuu, bega kwa bega na mshika kamera au amechutama chini yake. Taa zimepangwa kwa pembe ile. Akihama hatua nne pembeni ataona stendi, nyaya, na shavu ambalo halikuwashiwa taa. Na asikae kamwe kwenye mstari wa macho ya mwigizaji. Mwigizaji anayelia mbele ya mama yake hawezi kumtazama huku mtu mwenye kamera amekaa katikati yao.

Lenzi ya 50 inafaa sana. Kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) kidogo inabana kama lenzi ya 75 au 80, kwa hiyo ni ya nyuso na vifua. Kwa sini ya chumba kizima azimeni pana zaidi, 24 au 28. Mtego wake ni tundu la f/1.8, yaani lenzi ikiwa imefunguka sana; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Linavutia kwa kuwa mandhari ya nyuma yanayeyuka, lakini watu wawili wakisimama umbali tofauti, mmoja tu ndiye atakayekuwa mkali. Kwa mtu mmoja f/2.8, kwa wawili f/4. Pandisheni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, hata 3200. Chembechembe kidogo zinavumilika, ukungu hauvumiliki. Mpige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Rangi ya mwanga wekeni ileile ya kamera ya filamu, kelvini 3200 kwa taa za manjano au 5600 kwa mwanga wa mchana. Mkiacha otomatiki, sini iliyowashwa kwa koroboi inaweza kutoka nyeupe kama ofisi. Fleshi iacheni nyumbani, kwa sababu mmweko mmoja unafuta kazi yote ya fundi taa.

Sini za usiku zina shida ya peke yake. Giza linalopendeza kwenye skrini hugeuka doa jeusi kwenye karatasi. Baada ya teki, mwombeni fundi taa aongeze mwanga kidogo usoni, au kamera iwekwe kwenye miguu mitatu mpige 1/30 mwigizaji akiwa ameganda. Na usiku huohuo picha zinakiliwe sehemu mbili kabla kadi haijafutwa.

Nyuso za waigizaji wetu zinatoka nyeusi tii, macho hayaonekani, na tukiongeza mwanga kwenye kompyuta ngozi inakuwa kama ya majivu. Tunapigia nje, saa sita mchana, kwa sababu ndipo kuna mwanga mwingi. Tufanyeje?
*Msomaji wa Mombasa*

Saa sita mchana Mombasa jua liko utosini. Linaangaza paji la uso na pua, halafu linaacha mashimo mawili ya kivuli pale macho yanapokaa. Mwanga ni mwingi, lakini haumfikii mtu pale mnapomtaka. Pigeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Karibu na ikweta machweo hayasubiri: jua likishazama mna dakika 20 hivi za ule mwanga wa bluu, kwa hiyo kila kitu kiwe kimepangwa mapema. Kama hamna budi ila mchana, ingieni chini ya baraza au mwembe, mtu asimame hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje. Macho yatajaa mwanga wa uwanja.

Sasa mita ya kamera. Haijui ngozi ya mtu. Kila inachokiona inataka kiwe kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa au anga, mita inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Hapo ongezeni fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) kwa stopu moja hadi moja na nusu; stopu moja ni mwanga mara mbili. Uso uleule ukijaza fremu, au nyuma kukiwa na giza, mita inafanya kinyume: inaongeza mno na ngozi inapauka. Hapo punguzeni kidogo, kama theluthi mbili ya stopu. Kwa simu, shikilieni kidole juu ya shavu mpaka mwanga ufungwe, kisha mtelezeshe juu au chini.

Hayo majivu mnayoyaona yanatokana na kuokoa kivuli ambacho hakikuwa na taarifa ndani yake, hasa kwenye JPEG, faili la kawaida la picha ambalo kamera imeshalibana. Pateni uso sawasawa kwenye kamera. Ngozi nyeusi hupata umbo kwa mng'ao zaidi kuliko kivuli: ule mstari wa mwanga juu ya shavu, kwenye taya, kwenye daraja la pua. Mng'ao mzuri hutoka kwenye kitu kikubwa na laini kilicho pembeni, kwa mfano dirisha au shuka jeupe lililonyooshwa mita moja na nusu kutoka usoni, upande ulio mkabala na jua. Karatasi ya fedha ya jikoni iacheni, inatupa madoa makali. Na poda isiyo ya rangi ya ngozi yake huonekana kwenye picha hata kama kwa macho ilipita.

Naandika tukiwa tumegombana. Filamu yetu ni ya binti wa mvuvi anayeshona nyavu za watu kwa siri apate ada ya mtihani, na baba yake hataki. Tulipiga picha 640, zimebaki tatu. Ya kwanza: binti ufukweni jua likizama, anatabasamu akitazama kamera. Ya pili: yeye na baba wameketi wamepeana mgongo, wavu umelala katikati yao, binti anatazama pembeni kidogo kama anasikiliza. Ya tatu: vidole vyake na sindano ya nyavu, uzi una tone la damu. Ipi iwe ya mbele?
*Muongozaji, Dar es Salaam*

Ya pili, dada, na hatuoni kama ni ya kugombania.

Tazama kinachotokea ndani yake. Watu wawili hawatazamani, kwa hiyo mtu anajiuliza wamekosana nini. Wavu uko katikati, kwa hiyo anashuku jibu liko kwenye wavu. Na macho ya binti yanaonekana, yamegeuzwa kuelekea kwa mtu asiyeweza kumwona. Hivi vyote vinaingia akilini kabla mtu hajasoma jina la filamu.

Ile ya machweo ni nzuri kama picha, lakini ingeweza kuwa ya tangazo la vocha au la hoteli. Anatabasamu kwa nani? Anayetazama lenzi ameacha kuwa binti wa mvuvi, amekuwa mwigizaji siku ya picha. Wapeni watu wa mitandao baadaye, filamu ikishajulikana. Ya tatu ina nguvu, na tungeiweka iwe ya pili kwenye kifurushi, ila peke yake haina uso, na ikipunguzwa kwenye simu tone la damu litaonekana kama takataka. Halafu jiulizeni: damu hiyo inatokea dakika ya ngapi? Kama ndipo baba anapogundua siri, mtakuwa mmeimaliza filamu kwenye bango.

Kuhusu njia mliyopita kutoka 640 hadi 3, inaelekea mlizipenda kwanza, mkazichuja baadaye. Mzunguko wa kwanza uwe wa haraka na mkavu: sekunde mbili kwa picha, toa zenye macho yaliyofumba, mdomo uliokunjwa katikati ya neno, ukungu, maiki iliyoingia juu ya fremu. Kwa 640 ni kama dakika 20. Zibaki 60 hivi, kisha mlale. Kesho yake muwe wawili tu, zifike 12. Hizo 12 zichapeni ndogo za sentimita 10 kwa 15, mzitandaze mezani. Mezani utaona picha nne zinasema jambo moja, na hakuna hata moja inayoonyesha mahali.

Halafu yako majaribio mawili. Punguzeni kila picha hadi upana wa kidole gumba, kwa sababu ndivyo itakavyoonekana kwenye orodha ya tamasha. Uso ukipotea, picha haifai kuwa ya mbele. La pili, mwonyesheni mtu asiyeijua filamu kwa sekunde tatu, muifiche, kisha mumwulize: unadhani hapa kunatokea nini? Msimwulize kama ni nzuri, maana atawajibu kwa adabu. Akisema "huyu binti anaficha kitu", mmeshinda.

Kifurushi cha mwisho kiwe na picha tano zisizofanana: hiyo ya baba na binti, binti peke yake akiwa kazini, vile vidole, moja ya pana inayoonyesha ufukwe na ngalawa ili mtu ajue yuko wapi, na moja ya wima yenye nafasi tupu juu au chini kwa ajili ya jina. Nafasi hiyo hupangwa wakati wa kupiga. Jina la filamu likiwekwa juu ya paji la uso wa mtu, hakuna fonti itakayoliokoa. Picha za kila mwigizaji, ili asinune mtu, ziwe kwenye albamu yenu, msizipeleke gazetini.

Gazeti lilituomba picha, tukatuma kwa WhatsApp, wakajibu hazina ubora. Kwenye kompyuta yetu ni safi kabisa.
*Msomaji wa Kisumu*

WhatsApp huibana picha inapoituma kwa njia ya kawaida. Faili la megabaiti 8 linaweza kufika likiwa chini ya nusu megabaiti, na maelezo yote yaliyoandikwa ndani ya faili yamefutika. Tumeni kama dokumenti, au wekeni kwenye hifadhi ya mtandaoni mtume kiungo, mkihakikisha kimefunguliwa kwa yeyote mwenye nacho. Kiungo kinachoomba ruhusa saa tano usiku, gazeti likienda mtamboni, ni sawa na kutotuma.

Faili liitwe kwa namna inayojieleza: jina-la-filamu_02_binti-na-baba_wima.jpg. IMG_4471 litapotea kati ya mia nyingine. Andikeni maelezo kwenye karatasi moja: kutoka kushoto ni nani, anaigiza kama nani, jina la filamu, muongozaji, aliyepiga picha. Majina yaandikwe mara moja, sahihi, na mwigizaji mwenyewe ayasome kabla hayajatoka. Jina lililokosewa kwenye maelezo hunakiliwa na kila anayefuata.

Filamu yetu ina polisi na bastola ya bandia. Picha yenye mvuto zaidi ni ya kijana amelazwa chini, ameelekezewa bastola. Tuitumie?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Tungeiacha. Picha hiyo ikitoka kwenye ukurasa wenu haibaki na maelezo. Mtu anaipakua, anaituma kwenye kundi la mtaa, na baada ya saa moja si ya filamu tena, ni "tukio lililotokea jana". Atakayeumia ni kijana aliyelala chini, na yule aliyevaa sare. Kuandika jina la filamu pembeni hakutoshi kwa sababu pembeni hukatwa. Kama ni lazima kuonyesha mgongano huo, chagueni fremu ambayo silaha haionekani: uso wa kijana na kivuli cha mtu juu yake. Mara nyingi inatisha zaidi.

Na sare yenyewe, iulizieni mapema mnapoomba kibali cha kurekodi kutoka Bodi ya Filamu Tanzania. Siku ya kurekodi, asiwepo mtu wa kutoka nayo barabarani kununua maji.

Mwelekezi anasema picha ni za filamu. Mpiga picha anasema ni zake. Halafu mmoja wa waigizaji ni mtoto wa miaka tisa. Sheria inasemaje?
*Msomaji wa Nairobi*

Picha mnato ni kazi inayolindwa na hakimiliki, Kenya kwa sheria ya 2001 na Tanzania kwa ile ya 1999. Kwa kuwa kwenye filamu za chuo hakuna anayelipwa, msitegemee kuelewana kwa mdomo. Ukurasa mmoja, kabla ya siku ya kwanza, uliotiwa sahihi: filamu inaruhusiwa kuzitumia kujitangaza kwenye matamasha, magazeti na mitandao bila malipo; jina la mpiga picha linatajwa kila mahali; naye anaruhusiwa kuzionyesha kama kazi zake, lakini baada ya onyesho la kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo huzuia picha ya mwisho wa filamu kuvuja wiki mbili kabla.

Kwa mtoto, ruhusa ya mzazi au mlezi iwe ya maandishi na itaje picha za matangazo waziwazi, tofauti na ruhusa ya kuigiza. Sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zinawagusa nanyi pia. Kwenye maelezo msiandike shule yake wala mtaa wake, na kama amevaa sare ya shule yake halisi, beji isionekane. Mwonyesheni mzazi zile picha tano kabla hazijatoka. Kama mtoto analia kwenye picha, mzazi ana haki ya kuikataa, hata kama ndiyo bora kuliko zote.

Tamasha linataka pia picha ya muongozaji. Nikatumie ile ya pasipoti?
*Msomaji wa Unguja*

Hapana. Ya pasipoti inapigwa kwa ajili ya kutambulisha sura, na ndiyo itakayochapwa pembeni ya jina lako kwenye kijitabu. Wala usipige ile ya kunyoosha kidole ukielekeza watu. Kila kijitabu kinayo. Simama pembeni ya dirisha au mlango ulio wazi, bega moja mbele, lenzi ikiwa usawa wa macho, ukutani nyuma kusiwe na swichi wala kalenda. Mtu akupige kuanzia kifuani, mlalo na wima, ukiwa unaongea naye, kwa sababu uso unaoongea haugandi. Dakika 15 zinatosha. Kama una picha uliyopigwa siku ya kurekodi ukiwa umeinama kwenye skrini ndogo, vipokea sauti viko masikioni na mwanga wa skrini umekupiga usoni, tuma hiyo iwe ya pili. Ipelekwe kwa rangi. Nyeusi na nyeupe ni kwa filamu iliyo nyeusi na nyeupe, na wachapaji wakitaka kuitoa rangi watafanya wenyewe.